Kazi na Malipo ya Ulemavu: Je, Anayepokea Anaruhusiwa Kufanya Kazi?

Somo kwa wakazi wa Kata ya Holili

Ichukuliwe mfano wa mama mshonaji anayeishi kando ya barabara iendayo mpakani. Mguu wake mmoja ulipooza tangu utotoni, naye hutembea kwa magongo. Kaya yake imo katika orodha ya walengwa wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF. Shemeji yake alimwachia cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na tangu hapo hushona sare za shule na kutia viraka suruali za madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Taveta. Lakini siku za malipo ya TASAF zinapokaribia, cherehani hiyo hufunikwa kwa khanga na kusukumwa uvunguni mwa kitanda. Wateja huambiwa warudi wiki ijayo. Jirani yake alimwonya: "Mama, wakikukuta unashona watakufuta."

Mama huyu ametungwa kwa ajili ya somo hili. Hofu yake, hata hivyo, inafahamika katika vitongoji vingi. Wapo watu wenye ulemavu wanaoacha kazi wanayoiweza kwa kuogopa kupoteza malipo wanayopokea, na wapo wanaoendelea na kazi kwa kificho. Wote wawili hupata hasara. Wa kwanza hupoteza kipato ambacho angekipata kwa halali. Wa pili hupoteza nafasi ya kuingia kwenye kikundi, kuomba mtaji, kujiwekea akiba ya uzeeni au kudai fidia akiumia, kwa sababu mambo hayo yote humtaka aseme wazi kwamba anafanya kazi.

Somo hili linaeleza malipo na huduma ambazo mkazi mwenye ulemavu anaweza kuzipata kutoka serikalini na katika mifuko ya umma, na namna kila moja inavyohusiana na kazi.

Swali la kwanza la kujiuliza

Jambo la msingi ni kwamba Tanzania Bara haina malipo ya aina moja yanayotolewa kwa kila mtu mwenye ulemavu. Kinachoitwa na wengi "hela ya ulemavu" ni malipo ya asili tofauti, yenye sheria tofauti na ofisi tofauti. Ndiyo sababu majibu ya barazani hupishana: mmoja husema kazi inaruhusiwa, mwingine husema hairuhusiwi, na kila mmoja huwa anazungumzia malipo yake.

Anayetaka jibu sahihi na aanze na swali moja: malipo haya yanatolewa kwa sababu gani? Yapo yanayotolewa kwa sababu kaya ni maskini. Yapo yanayotolewa kwa sababu mfanyakazi aliumia kazini. Yapo yanayotolewa kwa sababu mwanachama wa mfuko amepoteza uwezo wa kujipatia kipato. Na zipo fedha zinazotolewa ili mtu aanze au akuze kazi. Sababu ya malipo ikijulikana, athari ya kazi nayo hujulikana.

Fungu la kwanza: ruzuku ya TASAF

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulizinduliwa mwaka 2012, na kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 2020. Msingi wake ni kaya, wala si mtu mmoja. Kaya huibuliwa katika mkutano wa kijiji, taarifa zake huchukuliwa kwa dodoso, kisha huhakikiwa. Kuwapo kwa mtu mwenye ulemavu katika kaya huzingatiwa katika ruzuku, lakini kinachoiingiza kaya katika mpango ni umaskini wake.

Kwa hiyo swali ambalo TASAF hujiuliza ni hili: je, kaya hii bado ni maskini sana? Haliulizwi swali la kama kuna mtu ndani ya nyumba anayeshona, anayefuga kuku au anayeuza nyanya. Na wala haingewezekana kuwa hivyo, kwa kuwa mpango wenyewe unahimiza kazi. Walengwa huundiwa vikundi vya kuweka akiba na kuwekeza. Wapo wanaopewa mafunzo na ruzuku ya uzalishaji. Kaya zenye watu wenye nguvu za kufanya kazi hushirikishwa katika ajira za muda, hadi siku 60 kwa mwaka, kama vile kutengeneza barabara za kijiji, kuchimba malambo na kupanda miti. Mpango unaowalipa watu ili wafanye kazi hauwezi kuwafukuza kwa kosa la kufanya kazi.

Kaya hutoka katika mpango pale tathmini inapoonesha kwamba hali ya maisha imeimarika kiasi cha kujitegemea. Huko huitwa kuhitimu. Tathmini hiyo hutazama maisha ya kaya nzima: makazi, mali, chakula, idadi ya wategemezi. Viraka vya suruali tano kwa wiki haviwezi kuigeuza kaya ya watu saba kuwa ya kujitegemea. Kaya ambayo mtu wake amepata ajira ya kudumu yenye mshahara ina hali tofauti, nayo inapaswa kutarajia kwamba tathmini itaonesha mabadiliko hayo.

Wajibu wa mlengwa ni kusema kweli anapoulizwa. Kaya inayotoa taarifa za uongo huhatarisha nafasi yake zaidi ya kaya inayokiri kwamba mama anashona. Endapo kaya itaondolewa na wahusika wakaona hawakutendewa haki, ipo njia ya malalamiko na rufaa. Huanzia kwa Kamati ya Usimamizi ya Jamii katika kijiji, kisha kwa Mratibu wa TASAF katika Halmashauri. Malalamiko yaandikwe, na mlalamikaji abaki na nakala yake.

Fungu la pili: fidia kwa aliyeumia kazini

Holili ni mji wa mizigo. Tangu Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani kianze kazi, malori ya pande zote mbili hukaguliwa mahali pamoja, na vijana wengi hujipatia riziki kwa kupakia na kupakua, kuendesha, kulinda na kufanya usafi katika maghala. Kazi hizo huumiza watu. Kwa hiyo fungu hili linahitaji kufahamika vizuri zaidi hapa kuliko mahali pengine wilayani.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaojulikana kama WCF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Mchango hutolewa na mwajiri. Mfanyakazi hakatwi chochote katika mshahara wake. Mwajiri anayemwambia mfanyakazi kwamba anamkata fedha ya WCF anakwenda kinyume cha sheria.

Mfuko huu hulipa fidia ya ulemavu wa aina mbili, na ni muhimu kuzitofautisha.

Aina ya kwanza ni ulemavu wa muda. Mfanyakazi amevunjika mkono, ameagizwa apumzike, na hawezi kufanya kazi kwa kipindi fulani. Fidia yake ni asilimia 70 ya kipato chake cha mwezi. Aliyekuwa akipata shilingi 300,000 atalipwa shilingi 210,000 kwa mwezi. Malipo haya yanaziba pengo la mshahara uliokosekana. Anayerudi kazini na kupokea mshahara wake hana pengo tena, hivyo malipo hukoma. Mtu anayepokea fidia ya muda huku akifanya kazi ile ile kwa siri anapokea fedha isiyo yake.

Aina ya pili ni ulemavu wa kudumu. Mfanyakazi amepoteza vidole, jicho au mguu. Baada ya matibabu, madaktari hutathmini kiwango cha ulemavu kwa asilimia. Kiwango kisichozidi asilimia 30 hulipwa fidia ya mkupuo, yaani mara moja. Kiwango kinachozidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi. Malipo haya yanafuata kiwango cha ulemavu kilichotathminiwa. Mpakiaji aliyepoteza vidole vitatu, akalipwa fidia yake, kisha akaajiriwa kuandika stakabadhi getini, vidole vyake havijarudi. Kazi mpya aliyopata haifuti ulemavu alioupata katika kazi ya zamani.

Zaidi ya fedha, mfuko hutoa huduma za utengamao, yaani kumsaidia aliyeumia arudi katika kazi na maisha ya kawaida. Huduma hizo ni pamoja na viungo bandia, vifaa saidizi na mafunzo ya kazi nyingine. Kwa mkazi wa Holili utaalamu wa viungo bandia hauko mbali: katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi kuna chuo cha TATCOT, ambacho kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia tangu miaka ya 1980.

Mambo mawili huwakosesha wengi haki hii. La kwanza ni muda. Mwajiri anapopewa taarifa ya ajali anatakiwa kuifikisha kwa mfuko ndani ya siku 7, na madai yanatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. La pili ni ushahidi wa ajira. Kibarua anayefanya kazi kila siku ghalani bila mkataba, bila jina kwenye daftari na bila stakabadhi ya malipo hupata shida kuthibitisha kwamba aliajiriwa. Kabla ya kubeba gunia la kwanza, kijana aombe jina lake liandikwe.

Fungu la tatu: pensheni ya ulemavu ya NSSF na PSSSF

Mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, anaweza kupata ulemavu kwa ugonjwa au ajali isiyohusiana na kazi yake. Sheria inampa pensheni ya ulemavu endapo amepoteza theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato, na endapo alichangia kwa muda unaotakiwa: miezi 180, au walau miezi 36 ambayo 12 kati yake ni ya karibuni kabla ya ulemavu. Watumishi wa umma nao wana mafao yao katika mfuko wa PSSSF, ulioanza kazi Agosti 2018.

Katika fungu hili kazi ina uzito mkubwa, kwa sababu msingi wa malipo ni kupotea kwa uwezo wa kupata kipato. Ichukuliwe mfano wa dereva aliyekuwa akipata shilingi 600,000 kwa mwezi, kisha akapoteza uwezo wa kuona. Theluthi mbili ya kipato hicho ni shilingi 400,000. Kwa kielelezo tu, aliyepoteza kiasi hicho amebakiwa na uwezo wa kupata takribani shilingi 200,000. Hesabu ya kweli hufanywa na mfuko kwa kufuata tathmini ya kitabibu. Mfano huu unaonesha tu kwamba sheria yenyewe inatambua kuwa mtu huyu anaweza kubaki na uwezo kidogo. Haimtaki awe mtu asiyeweza lolote.

Hivyo dereva huyo akijifunza kufuga kuku ishirini nyumbani kwake, hajafanya kosa. Lakini akipata ajira ya kupokea simu yenye mshahara unaokaribia ule wa zamani, mfuko una haki ya kuuliza kama sababu ya pensheni bado ipo. Njia salama ni kuuandikia mfuko kabla ya kuanza kazi, kueleza aina ya kazi na kipato kinachotarajiwa, na kuomba jibu la maandishi. Jibu la mdomo halimsaidii mtu miaka miwili baadaye, pale afisa aliyelitoa atakapokuwa amehamishwa.

Fungu la nne: mikopo ya asilimia mbili

Kila halmashauri nchini hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huu uliwekwa katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa mwaka 2018. Utoaji wa mikopo ulisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha kasoro zilizobainika, na ukarejeshwa mwaka 2024 kwa kanuni mpya.

Fedha hii mara nyingi huhesabiwa pamoja na misaada, jambo ambalo limewaingiza wengi kwenye matatizo. Huu ni mkopo, na hurejeshwa. Umetolewa ili watu wafanye kazi, kwa hiyo anayeuomba hana sababu yoyote ya kuficha kazi yake. Kinyume chake, maafisa watataka kuiona: cherehani iko wapi, wateja ni akina nani, mauzo ya mwezi ni kiasi gani.

Kanuni zimewalegezea watu wenye ulemavu masharti ya ukubwa wa kikundi. Wakati vikundi vingine hutakiwa kuwa na watu watano au zaidi, mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba hata akiwa peke yake. Hili ni muhimu kwa mtu anayeishi mbali na wenzake au ambaye hali yake haimruhusu kuhudhuria vikao vya kila wiki.

Mlengwa wa TASAF naye anaweza kuomba mkopo huu akitimiza sifa. Ruzuku ya kaya maskini na mkopo wa biashara vina sababu tofauti. La kuangalia ni hili: rejesho lisitegemee ruzuku. Anayepanga kulipa mkopo kwa fedha ya TASAF amechukua chakula cha watoto akakiweka rehani. Rejesho litoke kwenye biashara, na kama biashara haiwezi kulibeba, mkopo uwe mdogo zaidi.

Mambo ya jirani yasichanganywe na ya hapa

Wakazi wa mpakani husikia mengi kutoka upande wa pili. Kenya ina malipo ya Inua Jamii, ambayo hutoa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuhudumiwa wakati wote. Kwa kuwa malipo hayo yamelengwa kwa watu wenye hali hiyo, wapo waliohitimisha kwamba anayefanya kazi hawezi kulipwa popote. Lakini Kenya hiyo hiyo humsamehe mfanyakazi mwenye ulemavu aliyesajiliwa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi. Huo ni msaada unaopatikana kwa sababu mtu anafanya kazi. Malipo yote hayo ni kwa raia wa Kenya, na mkazi wa Holili hawezi kuyadai kwa sababu tu ana ndugu Taveta.

Zanzibar nako ni tofauti. Tangu Aprili 2016 kila mzee mkazi aliyefikisha miaka 70 hulipwa Pensheni Jamii, awe anafanya kazi au hafanyi, kwa kuwa sababu ya malipo ni umri. Nchini Marekani, mtu anayelipwa na bima ya ulemavu huruhusiwa kujaribu kufanya kazi kwa miezi 9 bila kupoteza malipo, ili ajue kama mwili wake unaimudu. Utaratibu huo haupo katika sheria zetu, nao haupaswi kunukuliwa hapa kama haki. Unaonesha tu kwamba hofu ya mama mshonaji imewasumbua watu wa nchi nyingi, na kwamba kila nchi imeitafutia jibu kwa kutazama sababu ya malipo.

Haki ya kuajiriwa

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Mkataba huo unataja haki ya kazi na haki ya hifadhi ya jamii katika ibara zinazofuatana, ya 27 na ya 28. Mtu mwenye ulemavu hatakiwi kuchagua mojawapo. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3 ya wafanyakazi wake. Sheria ya zamani ya mwaka 1982 iliweka asilimia 2 tu, tena kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 na kuendelea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu.

Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Kwa hiyo kampuni za uwakala wa forodha, maghala, shule na nyumba za wageni zenye wafanyakazi wa kutosha zinawahusu watu wengi katika kata hii. Anayekosa ujuzi anaweza kuuliza nafasi katika vyuo vya ufundi vya Serikali kwa watu wenye ulemavu. Kilicho karibu zaidi na Kilimanjaro ni Masiwani, mkoani Tanga.

Hatua za kufuata kabla ya kuanza kazi

1. Mhusika ayatambue malipo yake kwa jina. Aangalie karatasi au ujumbe wa malipo: ni TASAF, WCF, NSSF au PSSSF? Asiyeweza kusoma aombe msaada kwa Mtendaji wa Kijiji.

2. Ajiulize malipo hayo yanatolewa kwa sababu gani: umaskini wa kaya, kuumia kazini, au kupotea kwa uwezo wa kupata kipato.

3. Ahakikishe jina lake limo katika daftari la watu wenye ulemavu la kijiji. Daftari hilo ndilo linalotumika fursa zinapotokea, na asiyeandikwa huonekana kama hayupo.

4. Atoe taarifa kabla ya kuanza, hasa kwa anayepokea pensheni ya NSSF au PSSSF au fidia ya muda ya WCF. Kwa TASAF, aseme kweli wakati wa uhakiki.

5. Aandike mapato na matumizi. Daftari la shilingi mia chache latosha. Tathmini ikija, daftari litaonesha kwamba kipato ni kidogo. Bila daftari, kila mtu atakisia.

6. Akipata jibu, aliombe kwa maandishi na kulihifadhi.

7. Akijiajiri na kupata ziada, afikirie kuchangia NSSF kwa hiari, ili kesho yake isitegemee huruma ya mtu.

Wazazi na walezi nao wana sehemu yao. Kijana mwenye ulemavu anayezuiwa kutoka nyumbani ili "asije akaharibu malipo" ananyimwa ujuzi ambao hataweza kuupata akiwa na miaka arobaini. Ruzuku ina mwisho wake. Ujuzi wa kushona viatu, kutengeneza simu au kutunza hesabu utabaki naye.

Maswali ya kujipima

Swali: Kijana asiyesikia katika kaya ya TASAF amepata kazi ya kuosha magari siku mbili kwa wiki. Je, kaya itafutwa?
Jibu: Kazi hiyo peke yake haiiondoi kaya katika mpango. Hali ya kaya nzima ndiyo itakayotazamwa wakati wa tathmini.

Swali: Mlinzi aliyekatwa mguu kazini anapokea pensheni ya kila mwezi ya WCF. Amefungua kibanda cha kuchaji simu. Je, amevunja sheria?
Jibu: Hapana. Pensheni yake inatokana na kiwango cha ulemavu kilichotathminiwa.

Swali: Mwalimu mstaafu kwa sababu ya ugonjwa anapokea pensheni ya ulemavu. Shule binafsi inamtaka arudi kufundisha kwa mshahara kamili. Afanye nini?
Jibu: Auandikie mfuko wake na kusubiri jibu kabla ya kusaini mkataba.

Kurudi kwa mama mshonaji

Mama wa mfano aliyetajwa mwanzoni sasa ana majibu yake. Malipo anayopokea yanatokana na umaskini wa kaya. Kushona kwake hakukatazwi. Hatakiwi kuficha cherehani, na akiulizwa aseme anashona nguo ngapi na anapata kiasi gani. Akiwa ameiweka barazani, anaweza kuandikwa katika daftari la kijiji, kuingia kikundi cha akiba, na kuomba sehemu ya ile asilimia 2 ili anunue mashine ya umeme isiyohitaji mguu wala mkono wa kuzungushia. Siku kaya yake itakapohitimu, atatoka akiwa na kazi mkononi.

Akiendelea kuificha, atabaki na ruzuku peke yake, na siku itakapokoma hatakuwa na mteja wala mtaji. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha kazi naye huumbuliwa na siku ya shida.

Mkazi mwenye swali kuhusu jambo lolote lililoelezwa hapa aanzie kwa Mtendaji wa Kijiji, kisha kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata kwa masuala ya mikopo na vikundi, au Afisa Ustawi wa Jamii kwa masuala ya huduma na vifaa saidizi. Kuuliza hakumfuti mtu katika orodha yoyote. Aende na karatasi zake zote za malipo, na kama hawezi kufika, amtume ndugu amwombe afisa amfuate nyumbani.